Rada ya Papa Don

Nikisikia harufu ya dawa ya kuchua, ile yenye mentholi, narudi Whitehall, kando ya Columbus, mwaka 2015. Papa Don, mzee Mmarekani wa ghorofa ya chini, alijipaka magotini bila ubahili, na jengo zima lilijua ameamka. Nilikuwa na miaka kumi. Jumapili Mama alimpelekea sombe, kisamvu cha kwetu Kongo, naye alitusimulia hadithi zilezile. Mkalimani nilikuwa mimi, maana Kiingereza cha Mama kiliishia kwenye salamu na zamu za ghala alilofanyia kazi.

Zilikuwa hadithi za kikosi chake cha jeshi la anga. Mwanzoni kilirusha ndege za pangaboi zenye nundu mgongoni. Baadaye zikaja za jeti, zimebeba rada pana kama ungo, inayozunguka. Ndani walikaa watu mbele ya skrini, wakisaka ndege za adui na kuwaelekeza marubani wao pa kwenda. Mwishowe kikosi kilivunjwa, zile ndege za zamani zikakatwakatwa kuwa vyuma chakavu. Hapo hadithi iliisha, nami nikajihudumia biskuti zake.

Jumapili moja Mama aliuliza swali.

"Mwambie, donc, wakati tulikuwa tunakimbia mu pori, ndege ilikuwa inapita juu sana. Watu wa vile walikuwa wanatuona?"

Papa Don akatikisa kichwa. Kikosi chake hakikuwahi kufika Kongo, na hata kingefika, rada ile ilitafuta ndege na meli. Watu wa miguu haikuwaona.

"Hata kama tulitandika vitenge chini?"

"Hata hivyo," nikamtafsiria.

"Bon," alisema Mama, akachukua sahani yake, tukapanda juu. Mimi nilifurahi. Kumbe hakuna aliyetuona akatuacha.

Miaka mingi baadaye, mama yangu mdogo, aliyehamia Buffalo kufanya kazi kiwandani, alinieleza yaliyotokea porini nikiwa bado nabebwa mgongoni. Wenzetu walitaka kuendelea na safari, bibi yangu angali na nguvu za kutembea. Mama akakataa. Alikuwa ameiona ndege. Akatandaza vitenge vyote mahali peupe, akasema wameshatuona, watakuja kutuchukua. Tukangoja hapo mpaka bibi akafa.

Miaka yote ile Mama aliwachukia waliotuona wakapita. Nami siku ile nilimtafsiria vizuri, neno kwa neno, kwamba watu hao hawakuwahi kuwepo. Wa kulaumiwa akabaki yeye mwenyewe.