Kurasa Nne za Wageni wa Matanga

Nakumbuka asubuhi moja mjini Migori, mama mjane aliposimama mlangoni mwa ofisi niliyokuwa nikifanyia kazi na kuniomba nimrudishie kurasa nne za daftari. Hakupaza sauti. Alivua ndala zake, akaingia, akaketi bila kukaribishwa.

Lakini nimeanza katikati. Ngoja nirudi nyuma kidogo, mwanangu, ili usipotee.

Nimesikia umepata kazi kwa kampuni inayotaka kuchimba dhahabu huko Suna Magharibi, na kwamba wenye mitaji wanakupigia simu kila kukicha wakiuliza kama serikali imekubali. Kazi hiyo naijua. Niliifanya nikiwa na miaka ishirini na saba, wakati simu za mkononi zilikuwa za watu wachache. Nilitoka kwetu Kendu Bay na sanduku moja, pamoja na Kiingereza cha kidato cha nne nilichokiona kuwa mali.

Mwajiri wangu aliitwa Bwana Lenart, mzee kutoka ng'ambo, mtaalamu wa mawe. Kiswahili alikuwa amejifunza upande wa Tanzania alikoishi miaka mingi, na nakiri kilikuwa kizuri kuliko changu. Wachimbaji wa Masara, kijiji tulichotaka kuchimbia dhahabu, walikuwa wakimcheka: "Huyu anaongea kama redio!" Yeye aliwaitikia kwa heshima, akawauliza habari za nyumbani mmoja mmoja. Kazi yangu ilikuwa kumtafsiria Dholuo, lugha yetu Wajaluo, kuandika barua zake na kuandaa mikutano.

Sasa nikueleze jambo ambalo vijana wengi hawaelezwi. Mwenye mtaji anayengoja kibali cha serikali ni kama mkulima aliyekwisha kulima shamba na kununua mbegu, kisha akaambiwa mvua inasubiri sahihi ya mtu. Anaangalia juu, anaangalia chini. Pesa si zake peke yake. Kuna wenzake nyuma, nao wana wasiwasi kuliko yeye kwa sababu wako mbali na hawaoni kitu. Bwana Lenart alikuwa na washirika watatu wa namna hiyo. Ombi letu lilikuwa limepita meza hadi meza, likakwama mahali pamoja tu: serikali ilitaka kumbukumbu za baraza, kwamba wenyeji wa Masara wamekutanishwa, wameelezwa, na wametia sahihi.

Chifu aliita baraza mara mbili. Mara ya kwanza ilinyesha. Mara ya pili kulikuwa na jua zuri, lakini asubuhi hiyo hiyo mshipa mpya wa dhahabu ulionekana kwenye shimo moja upande wa juu, na Masara nzima ikahamia huko na makarai yao. Tulibaki chifu, Bwana Lenart, mimi, na mbuzi wawili. Chifu akasema, "Wajumbe ni hawa. Tuanze?" Bwana Lenart alicheka. Mimi sikucheka, kwa maana washirika walikuwa wameshasema kwamba karatasi zisipofika kwa serikali kabla ya mwisho wa mwezi, wanajitoa. Wakijitoa, mradi umekufa. Na mradi ukifa, mimi narudi Kendu Bay na sanduku langu.

Wiki hiyo akafariki mzee mmoja mchimbaji, aliyependwa na watu wengi. Mjane wake tulimwita Min Akinyi, yaani mama yake Akinyi, kama ilivyo desturi yetu kumwita mama kwa jina la mtoto wake. Alikuwa kiongozi wa wanawake wanaoosha mchanga wa dhahabu pale kijitoni. Unajua msiba wa kwetu unavyokusanya watu. Walitoka Karungu, walitoka Macalder, na kwa kuwa mwana wao alikuwa akivua omena, wale dagaa wa ziwani, kisiwani Remba, kundi zima lilivuka ziwa kuja kulia. Mashimo yote yalifungwa. Familia ikanitafuta: "Wewe kijana una mwandiko mzuri, tuandikie wageni."

Nilipiga mistari kwa rula kwenye daftari lao: jina, kijiji, sahihi. Nikaitazama ile mistari, mwanangu, na shetani akakaa begani pangu. Watu wote niliowakosa barazani walikuwa wamepanga foleni mbele yangu, wakitia sahihi kwa hiari yao. Baada ya mazishi nilikata kwa rula kurasa nne za katikati, nikaandika juu yake kumbukumbu za baraza ambalo halikuwahi kufanyika, nikazitia kwenye faili. Bwana Lenart nilimwambia kwamba chifu alikutana na watu na mambo yamekwisha. Alinishika mkono kwa furaha. Faili ikapelekwa ofisi ya serikali siku hiyo hiyo, nami nikajipongeza kwa ujanja. Njia ya mwongo ni fupi, lakini anayeitembea huiona kama barabara kuu.

Kuna kitu nilichosahau, mimi mwana wa Kijaluo niliyepaswa kukijua. Daftari la wageni wa matanga halifungiwi kabatini. Siku zikipita, wenye msiba huketi wakalisoma jina kwa jina, wajue nani alikuja kulia nao, ili naye akipatwa waende kulia naye. Ukikosa kwenda kwa mtu aliyekuja kwako, umemvunjia heshima, na wanao watakuta aibu hiyo ikiwangoja. Min Akinyi alisomewa daftari na binti yake. Wakafika katikati. Majina yakaruka kutoka Macalder hadi mwisho, na Remba nzima haipo.

Ndivyo alivyofika mlangoni kwangu.

"Wuod Kendu," aliniita. Mwana wa Kendu. "Kurasa zangu ziko wapi?"

"Mama, labda zilidondoka wakati wa..."

"Zimekatwa kwa rula. Mimi naosha dhahabu, mwanangu. Chembe ndogo kama jicho la siafu naiona. Nitashindwa kuona rula?"

Nilijaribu kusema ziko salama, nikajaribu kusema ziko kwenye faili, na kila neno lilinisogeza karibu zaidi na shimo. Hatimaye nikasema ukweli wenyewe: ziko kwa serikali, zimeambatishwa na ombi la kibali. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia kutoka kwa mtu mwenye msiba mbichi. Alicheka, mpaka akajifuta macho kwa ncha ya leso.

"Kumbe mume wangu ameomba leseni! Alichimba maisha yake yote bila leseni, sasa amelala kaburini ndiyo anaomba!" Akapumua. "Na watu wa Remba je? Nao wamekubali Masara ichimbwe? Ungewauliza na samaki wao, omera ndugu yangu, ungepata sahihi nyingi zaidi."

Natamani angenitukana. Kicheko kilipokwisha, alinitazama kwa upole ambao mpaka leo sijui aliutoa wapi.

"Ulidhani tutakataa?" akaniuliza.

"Niliona muda unaisha, mama."

"Mimi nilikuwa na ndiyo yangu. Nilikuwa nayo tangu mwajiri wako huyu alipokuja kunisalimia kwangu. Ilikuwa na swali moja tu ndani yake, nikangoja siku ya kuulizwa. Sasa wewe umeiba kitu ulichokuwa ukipewa. Mwizi gani huyo?"

Akajiweka sawa kitini. "Mzee wako yuko hapo nje, nimempita akiosha mawe yake. Nenda umwambie. Mimi sitamwambia. Nitakaa hapa mpaka urudi."

Mwanangu, wazee walisema mficha uchi hazai. Kutoka pale mezani hadi kwenye tangi la maji alipokuwa akioshea mawe ni hatua kama kumi na tano, na sijawahi kutembea safari ndefu kuliko hiyo. Nilimweleza Bwana Lenart yote, pamoja na rula. Aliendelea kuosha jiwe lake mpaka likawa safi, akaliweka chini, akasema, "Chukua kofia yako. Twende tukaichukue faili kabla haijaenda Nairobi."

"Lakini washirika..."

"Najua washirika. Kungoja barua hii kumeninyima usingizi miezi mingi. Ikija kwa njia hiyo yako, nitalala lini?"

Tulikwenda watatu, na Min Akinyi katikati yetu. Afisa aliyekuwa na faili alishangaa. "Watu huja hapa kunigombeza kwamba nachelewesha. Wewe mzee unakuja kuniomba nicheleweshe?" Bwana Lenart akamwambia wazi kwamba baraza halikufanyika na karatasi zile ni za msiba. Hakutaja jina langu. Alisema "sisi". Afisa alizitoa zile kurasa nne na kumkabidhi mjane kwa mikono miwili. Akanitazama tu, na mtazamo ule ulinitosha.

Jioni hiyo mwajiri wangu aliwapigia washirika simu. Mimi nilikuwa nimesimama kando, nikisikia upande mmoja wa mazungumzo. "Hapana, hatuna idhini ya watu bado. Hapana, siwezi kuwaahidi. Sijui serikali itajibu lini." Wawili walijitoa kabla wiki haijaisha. Alibaki mmoja, mwenye mtaji mdogo kuliko wote. Nikadhani mzee atanifukuza. Badala yake alisema, "Mwaka huu hutaandika kumbukumbu za mkutano wowote. Utatafsiri tu. Maneno ya watu yapite mdomoni mwako mpaka uyazoee." Kalamu akampa Akinyi, binti wa marehemu. Niliona uchungu, lakini nilitii.

Min Akinyi ndiye aliyetufundisha jinsi ya kuita baraza. "Mnaita siku za kazi, nani aache shimo? Iteni Jumapili alasiri, watu wametoka kanisani, mashimo yamelala." Akapita mwenyewe kwa wanawake wa kijitoni. Siku hiyo watu walijaa mpaka wengine wakakaa juu ya marundo ya mawe. Bwana Lenart alipokwisha kueleza, mama akasimama na swali lake, nami nikalitafsiri neno kwa neno.

"Ukishazungusha ua wako, sisi tutaoshea wapi?"

Mzee aliangalia ramani yake. Nilimjua, angeweza kusema lolote tamu na watu wangepiga makofi. Akasema, "Sijui, mama. Sikuliwaza hilo. Nipe wiki mbili." Watu walinong'ona. Mchimbaji mmoja akapaza sauti: "Leo redio imekosa habari!" Kicheko kikapasuka, na katika kicheko hicho nilihisi watu wakimsogelea. Wiki mbili zilipopita alirudi na ramani nyingine. Kijito kilikuwa nje ya mpaka, pamoja na njia ya kukifikia, na eneo lake lilikuwa limepungua sana. Hapo walitia sahihi, wengi kwa kidole gumba. Watu kumi na mmoja walikataa, na Akinyi akaandika majina yao na sababu zao vilevile. Afisa alipoziona karatasi hizo alisema, "Kumbe kuna waliokataa. Basi nami naweza kuamini waliokubali."

Usidhani barua ilikuja kesho yake. Mvua za masika zilipita, na za vuli zikapita. Bwana Lenart aliendelea kupanga nyumba ile ile ndogo Migori, akipima mawe. Kila nilipomuuliza kama ana hofu, alijibu, "Ninayo, kila siku. Umekula?" Kawia ufike, wanasema Waswahili. Mimi nimemwona mtu aliyekawia hivyo kwa macho yangu.

Barua ilipofika, alinichukua tukaenda nayo Masara kabla hajamjulisha yule mshirika wake. Min Akinyi alikuwa ndani ya maji hadi magotini, karai mkononi. Alitazama ile mihuri.

"Inasema nini kuhusu kijito?"

Nilimsomea fungu hilo kwa Dholuo, polepole, bila kuongeza wala kupunguza.

"Soma tena."

Nikasoma tena.

"Sasa umesoma vizuri," akaniambia, akarudi kuosha mchanga wake.

Mwanangu, nimepewa sifa na watu wenye vyeo tangu siku hiyo, lakini hakuna sifa iliyonikaa moyoni kama hiyo. Na nimekuandikia haya yote ili nikupe neno moja la kazini. Wakubwa wako watakuuliza, "Je, serikali itakubali?" Kama hujui, sema bado hujui. Wakikuuliza, "Wananchi wanasemaje?" usijibu kabla hujawauliza, na ukiwauliza, uandike na wale waliosema hapana. Hofu ya mwenye mtaji ni ya haki. Usimtibu kwa uongo, mpe habari za kweli hata zikiwa chungu, naye aamue. Serikali nayo, hata ikichelewa, usiikatie njia ya panya. Ukikosea, na utakosea kwa kuwa wewe ni mtu, zitembee hatua zako kumi na tano mapema. Ni chache kuliko zinavyoonekana. Nimekuona ukikua, najua unaweza.

Mungu wa baba zetu akupe wakubwa wasemao "sisi" siku ya kosa lako, na akina mama watakaokucheka kabla ya kukuhukumu. Akupe ulimi mwepesi wa kuuliza na mkono mzito wa kutia sahihi. Na popote utakapochimba, wenyeji wa mahali hapo wafurahi kukuona ukirudi.