Jicho la Kaka, Sukari ya Wifi

Kaka yangu ni fundi cherehani asiyemiliki futi kamba. Mteja anaingia, kaka anamtazama toka utosini hadi unyayoni kama anayemtafutia kosa, kisha anashika mkasi na kukata. Na suruali inakaa! Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Jicho, na jina hilo limemvimbisha kichwa mpaka kofia zote zinambana.

Sasa, katika wanawake wote wa dunia hii, akaenda kuoa Milimita.

Wifi yangu naye ni fundi, wa magauni ya harusi, na kwake hakuna kitu kinachoitwa "karibu sawa". Anapima kifua, anaandika, anapima tena, anamwambia bibi harusi atoe pumzi, anapima mara ya tatu. Kiwanda chao ni chumba kimoja chenye cherehani mbili zinazotazamana, na katikati niko mimi, wa vifungo na mapindo, nikila ugomvi wao bure asubuhi hadi jioni.

"Mume wangu, bega la kushoto la yule mama limeshuka, umeliona?"

"Nililiona kabla hajaingia."

"Ungelipima!"

"Macho nimepewa ya nini?"

Wateja wengine nadhani wanakuja kusikiliza tu, nguo ni kisingizio.

Huyo Milimita kujipima hakuanzia kwenye cherehani. Ana kisukari cha sindano tangu akiwa shule ya msingi. Mwili wake hautengenezi insulini hata tone, kwa hiyo huichoma mwenyewe: ile ya muda mrefu mara moja kila jioni, na ile ya haraka kila anapokula. Anatoboa kidole, anagusisha damu kwenye kipimo, anasoma namba, anaamua, anarudi kushona. Hana hadithi. Ukijidai kumwonea huruma anakutupia pindo la shela ulikunje mpaka ujute.

Kaka yeye aliogopa kitu kimoja tu katika maradhi yale: sukari kushuka. Mwaka waliooana ilimshukia wifi akiwa anamvalisha bibi harusi. Jasho linamtiririka, mikono inatetemeka, maneno yanamchanganyikia. Jicho akaona kabla ya mtu yeyote, akamnywesha soda, mke akarudi duniani. Tangu siku hiyo kaka ana peremende katika kila mfuko wa kila suruali, hadi za watu. Kuna bwana mmoja alizikuta kwenye suti yake mpya akatuambia asante kwa zawadi.

Basi ukaja msimu wa mafua, homa ikamkumba wifi, na tumbo nalo likaona lisipitwe. Akawa kila anachokunywa kinarudi, na chakula ndiyo hataki hata kukisikia kikitajwa. Mimi siku ile nilikuwa nimepeleka shela kwa mteja. Niliporudi mchana nikapitiliza hadi chumbani kwao, nyuma ya kiwanda. Mlangoni nikapokewa na harufu tamu, kama ile dawa ya kufutia rangi ya kucha. Nikafurahi moyoni: ala, wifi kaamka, anajiremba!

Wapi! Wifi yuko kitandani kalegea, midomo imemkauka, anahema harakaharaka na kwa nguvu kama mtu aliyepanda ngazi, na ngazi yenyewe hakuna. Kaka kakaa pembeni na soda, anamnywesha kwa kijiko.

"Kaka, vipi?"

"Imeshuka. Tangu jana hajala, huoni alivyolegea? Sindano ya jana jioni nimemkatalia, na dawa nimeificha kabisa asije akajichoma kwa siri. Mtu hajala, hiyo sukari ya kupunguzwa itoke wapi?"

Na niseme kweli, iliniingia akilini. Lakini wifi akachezesha midomo.

"Anasemaje?" kaka akauliza.

"Anasema pima."

"Mke wangu, wewe pumzika. Nakuona."

Jamani! Hapo nikapandwa na mori. "Kaka, mtu anakuomba umpime, unamwambia unamwona? Hii ni suruali?"

Nikavuta droo, nikatoa kipimo. Wifi mwenyewe, na udhaifu wote ule, akaninyooshea kidole. Namba ikatokea: thelathini na moja. Wifi huyu ikifika kumi tu huwa anakunja uso siku nzima. Kaka akaisoma, akaitazama ile soda mkononi mwake, kisha akaiweka sakafuni taratibu, kama kitu kinachoweza kulipuka.

Nikampigia nesi wa kliniki yake. Hakunimalizisha maneno. "Anatapika, anahema hivyo, na mdomo unanuka tamu? Hakuna kusubiri jioni. Mleteni sasa hivi, na dawa zake mje nazo."

Jirani yetu muuza magodoro alikuwa na gari limeshapakiwa mzigo wa mteja. Kaka akambeba mkewe mikononi, akamlaza juu ya magodoro mapya yaliyo kwenye nailoni, na jirani, Mungu ampe maisha marefu, hakusema hata "taratibu, bidhaa hiyo". Njia nzima kaka alikuwa anamwita mkewe jina lake halisi. Sijawahi kumsikia akilitumia.

Hospitali wakamtundikia maji na insulini ya mshipani. Saa zilipita. Nesi alipotoka akatukuta kwenye benchi.

"Mmewahi," akasema. "Kidogo tu mngechelewa."

"Lakini nesi, alikuwa hajala kitu," kaka akasema.

"Fundi, mwili ukiugua unajimwagia sukari wenyewe, hata tumbo likiwa tupu. Insulini isipokuwepo, mwili unashindwa kuitumia hiyo sukari, unaanza kuunguza mafuta, na hayo mafuta yanaacha sumu, ketoni. Ndiyo harufu ile. Kwa hiyo ile ya muda mrefu haikatwi, ale asile. Hii ya haraka ndiyo mnaipanga kwa namba, kwa maelekezo tutakayowapa. Akiumwa mpimeni kila baada ya saa chache, na mkojo muuangalie ketoni kwa vijikaratasi vya kupimia tutakavyowapa. Maji anywe kidogo kidogo. Ketoni zikipanda au akitapika bila kukoma, mje hapa."

"Na soda?"

"Soda ina siku yake, namba ikiwa chini. Lakini wewe hukuwa na namba."

"Nilimwona kalegea."

"Ikipanda analegea, ikishuka analegea. Kwa macho utajuaje?"

Nilikuwa nimemwekea kaka maneno yake, makali na ya kutosha. Hayakupata nafasi. Alijiinamia pale kwenye benchi, akalia mbele za watu bila kujificha. "Ningemuua, dada," akasema. "Huku nampenda hivi, ningemuua kwa kijiko." Nikamshika bega, nami machozi yananitoka, tukawa wawili.

Kesho yake wifi akafumbua macho. Neno la kwanza: "Shela imefika?"

"Imefika, wifi. Imemkaa vizuri sana."

Akamgeukia mumewe. "Na ile soda ilikuwa ya nini?"

"Ya chungwa," kaka akajibu, macho chini.

"Loo! Unataka kuniua halafu hununui hata ya tangawizi ninayoipenda?"

Mgonjwa wa kitanda cha pili akacheka mpaka akashika mshono wake. Kaka naye akacheka, na kilio hakijamwisha vizuri.

Miezi ikapita. Mafua, hayana adabu, yakarudi. Jioni moja wifi yuko tena kitandani, homa inamtetemesha, supu ameisukuma kando. Tukapima: saba. Mkojo tukauangalia, ketoni hakuna. Namba nzuri, na hapo ndipo kaka alipoingiwa na baridi, kwa sababu saa ya ile sindano ya muda mrefu ilikuwa imefika, tumbo tupu, na sukari haiko juu. Akampigia nesi. Nesi akamtajia kiasi cha dawa, akarudia: haikatwi.

Wifi akaishika kalamu ya insulini, ndiyo sindano yake, mikono ikamcheza kwa homa. Akamnyooshea mumewe.

"Leo nichome wewe."

"Ikikushuka je?"

"Utapima. Ikishuka utanipa soda."

"Naogopa, mke wangu."

"Na mimi naogopa," wifi akasema. "Choma."

Sikuwahi kumsikia Milimita akikiri woga, na miaka yote hiyo nilidhani hana. Kaka akasoma namba kwenye kalamu, akanipa niisome, akampa na mkewe aisome. Akashika nyama ya paja, akachoma, akahesabu hadi kumi kwa sauti inayokatika. Kisha akaketi sakafuni kando ya kitanda, kipimo mapajani. Nikamwambia akanyooshe mgongo kidogo, nitabaki mimi. Alikuwa ameikazia macho saa ya ukutani, anasubiri muda ufike amwombe mkewe kidole.