Safura na Njia ya Wakwe

Siku ya kwanza kazini nilichungulia kwenye darubini nikaona miti. Miti myeusi, mirefu, imepinda, inatikisika. Nikamwita Bwana Fundi Mkuu, aliyekuwa mkubwa wa maabara pale Tukuyu, nikamwambia nimeshawaona wadudu. Akaja, akatazama, akanirudishia kiti.

"Binti, hizo ni kope zako. Rudisha jicho nyuma kidogo."

Nilicheka mpaka akanikanya. Lakini ndivyo nilivyo, kitu kisiponielea sikiachi. Baba yangu alikuwa fundi cherehani Ibighi, na babu yake ndiye aliyepanda huku kutoka pwani na marobota ya kanga. Nyumbani waliniita Kwanini, jina langu la Zainabu wakaliacha kwa walimu.

Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Mjini maduka yalikuwa yameanza kujaa ndala, sabuni za kunukia na mitumba, na kila kona mtu alikuwa anafungua duka la dawa. Maabara kwetu mambo yalikuwa bado ya zamani. Slaidi, yaani vile vipande vya kioo vya kupimia, tulikuwa tunaziosha na kuzitumia tena. Darubini haikuwa na taa. Ilikuwa na kioo cha kunasa mwanga wa dirishani. Na mvua ya Tukuyu mnaijua. Ukungu ukishuka kutoka mlimani, kazi inasimama, tunakaa kunywa chai.

Bwana Fundi Mkuu ndiye aliyenifundisha yai la safura. Unachukua kinyesi kidogo, unakikoroga na tone la maji ya chumvi juu ya slaidi, unafunika. Yai la safura lina ganda jembamba kama mstari wa penseli, na ndani yake kuna vipande vya kijivu vimekaa pamoja. Safura wenyewe ni minyoo midogo inayong'ata utumbo na kunyonya damu. Vitoto vyake hukaa kwenye udongo wenye unyevu uliochafuliwa na kinyesi, vikisubiri mguu mtupu, na huingilia kwenye unyayo. Mtu mzima mwenye nguvu anaweza kukaa nao bila kujua. Mama mjamzito anakula sahani moja na mtoto wake. Safura wakikaribia sahani hiyo, kuna atakayelala njaa.

Baadaye nikahamishiwa kwenye kliniki ya wajawazito upande wa Lupepo. Mkubwa wangu huko alikuwa Muuguzi Mkunga, mama wa Kinyakyusa asiyepaza sauti hata akiwa na hasira. Ndipo nilipomjua Sekela.

Sekela alikuwa na mimba ya tatu. Ya kwanza ilitoka. Ya pili alizaliwa mtoto njiti ambaye hakumaliza wiki. Sasa alikuja viganja vimepauka, akipanda ngazi mbili tu anashika ukuta. Nilimtoboa kidole, tone la damu nikaliweka kwenye karatasi ya kulinganisha wekundu, na wekundu wenyewe haukuwapo. Kinyesi chake kilijaa mayai ya safura. Mimba ilikuwa imeshavuka ile miezi ya mwanzo ambayo dawa ya minyoo haitolewi, kwa hiyo Mkunga akampa dawa na vidonge vya kuongeza damu. Akapata nafuu, akacheka, akanitania kwamba sisi watu wa Ibighi tunapenda kuchungulia mambo ya watu. Alipokuja tena damu ilikuwa imeshuka, na mayai yamerudi vilevile.

Mkunga akanivuta pembeni. "Kwa damu hii hawezi kuzaa salama. Akivuja kidogo tu siku hiyo, tunamzika yeye na mtoto."

Maneno hayo yalinikosesha raha. Mkunga alihisi ni udongo, maana wajawazito wengi walikuwa wanakula udongo wa kichuguu. Sekela alikubali kwamba anakula, tena wa kuchoma. Lakini safura hawa njia yao ni unyayo, na kilichochomwa motoni hakina kitu hai. Nikamuuliza Bwana Afya, aliyesimamia usafi wa vijiji. Akakasirika kabisa.

"Ile nyumba? Ile nyumba ina choo kuliko changu mimi. Kina mfuniko, kina mlango. Kila mgeni wa wilaya nampeleka akakione."

Nikaomba tupime nyumba nzima. Mume wa Sekela, safi. Mama mkwe, safi. Mzee mwenyewe, baba mkwe, safi. Sekela na mke wa shemeji yake, wamejaa. Nyumba moja, chakula kimoja, maji mamoja, halafu minyoo inachagua wake za wana! Usiku ule sikumaliza hata ugali wangu. Asubuhi nikaenda kwao kwa miguu.

Sekela alinipokea barabarani, tukawa tunatembea mgombani, pasafi kama pamefagiliwa kwa sikukuu. Mbele yetu mtu akakohoa. Sekela akanyamaza katikati ya neno, akaacha njia, akazama migombani amejifunika kanga usoni. Mzee akapita. Nikamwamkia, "Mugonile," akaitika akaendelea zake bila kutazama upande ule. Desturi yenyewe niliijua tangu utoto: mkaza mwana wa Kinyakyusa hamwoni baba mkwe wake, hapiti anapopita, hagusi alipokalia. Nilishawahi kuiona mara nyingi nisiifikirie. Siku ile ikanigonga kichwani.

Sekela aliporudi njiani nikamuuliza, "Kile choo kizuri, Mzee anakitumia?"

"Ni chake, dada."

"Na wewe?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama anakula mawe. "Niingie alimoingia baba mkwe? Mimi na mwenzangu tunashuka kule chini, karibu na kijito. Hakuna mwingine anayefika."

Nikashuka kupaona. Kivuli, udongo mweusi, unyevu mwaka mzima, na kijia kimoja chembamba cha nyayo tupu. Bwana Afya alihesabu choo kimoja kwa kila nyumba, na hakuna aliyewahi kuuliza nani haruhusiwi kukiingia.

Mkunga nilipomweleza alikaa kwanza. "Jibu tumelipata," akasema, "ila mimi siwezi kulipeleka. Humtajii mzee mambo ya choo cha mkwe wake. Utakuwa umemvua nguo."

"Nitakwenda mimi. Watasema ni ujinga wa mtu wa kuja."

Nikaenda. Mzee alinikaribisha chai. Nikasifia choo chake, kisha nikasema kuna watu wa nyumba hii hakiwafai.

"Watu gani?"

"Wale wasiopita unapopita."

Akazungusha kikombe chake, nikajua nimeharibu. Hatimaye akauliza, macho yako chini, "Na huyo mjukuu aliye njiani?"

"Yeye ndiye anayekosa damu, Mzee."

Akanywa chai yake yote. "Nategemea wageni kutoka Kyela," akasema. "Nitawachimbia choo chao."

Akachimba mwenyewe na wanawe, upande wa pili wa nyumba, mahali asipopita kamwe. Kule chini akapazungushia miiba. Wageni wa Kyela hawakuja, na hakuna mtu pale nyumbani aliyewaulizia. Mume wa Sekela akaleta ndala za mjini, Mkunga akatoa dawa upya, nasi tukawa tunasubiri.

Siku moja Mzee akatokea dirishani pa maabara ya kliniki, kofia mkononi. Hakutaja jina, asingeweza kulitaja.

"Ile damu," akasema. "Imepanda?"

"Imepanda, Mzee."

"Ndaga," akashukuru, akavaa kofia yake akaondoka. Nililia, na sioni aibu kusema. Sekela alijifungua mtoto wa kike, mzito, mwenye kelele, na Mkunga aliyekuwa hapazi sauti siku hiyo alipiga vigelegele.

Nimestaafu sasa. Vijana wa maabara wa leo wana mashine zinazosoma damu zenyewe, na ninawaonea wivu. Ninachowaambia ni kwamba darubini itakuonyesha yai, lakini njia ambayo yai limepita ni lazima uinuke uifuate, na umuulize mwenye mguu. Nimehama vituo vingi baada ya Lupepo, hadi Mpuguso, na kila kijiji kipya nilianza na swali hilo: nani hapa haingii wapi?

Miaka mingi baadaye nilikutana na Sekela sokoni, na binti yake mrefu kumzidi. Nikamuuliza kama aliwahi kumshukuru mkwe wake.

"Nitamshukuruje, dada, mtu ambaye sijawahi kumwona uso?" Akaweka ndizi zake chini. "Ila kile choo cha wageni nakifagia kila alfajiri, kabla sijafanya kazi nyingine yoyote. Anausikia ufagio."