Phurbu Choden na geti lisilofungika Kalimpong

Alfajiri, ukungu ukiwa bado umeulalia mji wa Kalimpong, Phurbu Choden anakinga dumu kwenye mdomo wa jiwe wa Chemchemi ya Nyumbu. Likijaa analitia kikapuni, anapitisha ukanda kwenye paji la uso, anainuka kwa mguno. Mbele yake ni kilima kitupu.

"Ukitaka kuuliza, uliza tukipanda," ananiambia bila kugeuka. "Wateja wangu wanangoja chai."

Ana miaka hamsini na tisa. Dumu moja likifika mtaa wa juu humpa rupia thelathini. Huko mabomba hukohoa mara moja kwa wiki, tena hukohoa kutu. Theluji inaonekana kutoka kila dirisha la mji huu, na watu wake wananunua maji ya kunywa. Ni aibu, ila si aibu ya Phurbu.

Baba yake alikuwa mswaga nyumbu. Alishuka na misafara ya sufu kutoka Tibet, na wanyama walinywa kwenye birika la mawe hapo chemchemini kabla ya kushushwa mizigo. Hakuna aliyetozwa. Mpaka wa Tibet ulipofungwa, matajiri wa sufu waliondoka na fedha zao. Waswaga nyumbu wakabaki na kamba mkononi. Ghala walilolijaza kwa migongo yao leo ni hoteli inayotazama mlima Kanchenjunga. Hata mlima unauzwa, kwa bei ya usiku mmoja.

Mwaka jana mvua zilipokatika, hoteli hiyo iliizungushia chemchemi ukuta, ikatia geti na kufuli. Meneja wake, Rinzing, ni kijana wa mtaani humohumo. Phurbu amembeba mgongoni.

"Shangazi, hii sasa ni mali ya watu," alimwambia.

"Na mimi ni nani? Kuku?"

"Mimi nimetumwa tu."

"Basi aliyekutuma aje abebe mwenyewe, tuuone huo mgongo."

Aliyemtuma anaishi Kolkata. Hakuja. Kipupwe chote Phurbu aliteremka hadi bondeni kutafuta maji, goti likavimba, wateja wakahamia kwa boza, lile lori la maji.

"Nilijua nimekwisha," anasema. "Mbeba maji asiye na maji, si bora aitwe mpiga matembezi?"

Kisha ikaja Losar, mwaka mpya. Asubuhi hiyo, kabla jua halijachomoza, mama mwenye nyumba huchota maji ya kwanza ya mwaka na kuyaweka madhabahuni. Lazima yatoke chemchemini. Ya bomba hayafai, ya boza ndiyo usiseme.

Wanawake wa mtaa mzima wakajikuta getini. Mbele yao alisimama bibi mwenye mtungi wa shaba, Ama Dekyi, mama mzazi wa meneja. Miguu ilikuwa imemweka ndani tangu mvua. Habari za geti hakuwa nazo.

"Kufuli la nani hili?"

Phurbu ndiye aliyejibu: "La mwanao, dada. Mpigie simu umtakie heri ya mwaka."

Rinzing alifika na ufunguo, kamba za viatu zikiburuzika.

"Mama, ungesema tu, ningekuletea."

"Uniletee maji ya kwanza? Umekuwa mama mwenye nyumba lini? Fungua upesi. Leo si siku ya matusi, na mimi yamenijaa mdomoni."

Wakacheka hadi wengine wakaweka mitungi chini.

Wakachota. Anayechota siku hiyo humwachia roho wa maji mtandio mweupe, nao hufungwa kwenye mti ulio kando. Lakini mti hoteli ilikuwa imeukata kupisha ukuta. Palibaki geti. Ama Dekyi alipitisha mtandio wake kwenye tundu la komeo, pale panapotiwa kufuli, akakaza fundo. Wengine wakafuata. Kulipopambazuka, komeo lilikuwa halionekani tena.

Tangu siku hiyo Rinzing hana pa kutia kufuli. Mtandio wa roho wa maji haufunguliwi. Anayeufungua hujitafutia mapele mwili mzima.

"Nina watoto mimi," anasema meneja huyo, akitazama pembeni. "Tajiri akitaka, aje aikate mitandio mwenyewe."

Tajiri huyo wa Kolkata ameshatuma neno. Atakuja, pamoja na mlinzi kutoka huko tambarare, na mkasi.

Phurbu amelisikia hilo. Akishafikisha maji juu, harudi na kikapu kitupu siku hizi. Anakijaza mawe ya kuta zilizobomoka, anayamwaga nje ya geti, pale maji ya chemchemi yanapopita chini ya ukuta kushuka barabarani. Wenzake nao wameanza kuleta. Anataka pajengwe birika la mawe kama lile la zamani, upande mmoja watu, upande mwingine wanyama, kabla mvua hazijaanza.

Rinzing alimuuliza rundo lile ni la nini.

"La birika," Phurbu alimjibu, akiinamisha kikapu. "Na halitakuwa na mlango, mwanangu, kwa hiyo usijisumbue kuulizia kufuli."