Betri ya Mume wa Wake Wawili

Mume wangu alipotaka kuoa mke wa pili, kule Ushongo, hakunificha. Alinikalisha kibarazani kwetu Ngamiani akaniambia kwa adabu, na wazee wawili wakiwa wamekaa hapo wakisikiliza. Sikupiga kelele. Niliingia ndani nikalia, nikaosha uso, nikarudi kwenye cherehani nikamalizia gauni la mteja. Majirani walinisifu kwa ustahamilivu. Wivu nilikuwa nao, ila niliutafutia mahali pa kukaa pasipoonekana na watu, na mahali penyewe palikuwa simu yake.

Kazi yake ni kununua pweza na samaki kwa wavuvi wa Ushongo na Kigombe na kuwaletea wauzaji wa Tanga mjini. Tangu zamani alikuwa akilala huko siku mbili tatu. Baada ya ndoa ile, siku hizo zikapata jina, zikaitwa zamu. Ni mtu wa kumwogopa Mungu na hakuwahi kunipunja usiku hata mmoja. Nilichoona ninapunjwa mimi ni chaji.

Akiondoka kwangu asubuhi simu inaita. Akishavuka pantoni ya Pangani, mchana ukigeuka kuwa alasiri, nikipiga naambiwa na yule mwanamke wa mtandaoni kwamba namba ninayopiga haipatikani kwa sasa. Sauti yake laini, haina haraka, kama mtu aliyelala vizuri. Nilimchukia hata yeye. Mume wangu akirudi, jibu lake ni lile lile.

"Ilizima chaji, mke wangu."

"Kila ukifika huko?"

"Umeme wa huko ni wa sola, unaujua mwenyewe. Mara jua, mara wingu."

Nilikuwa nikimpokea mkoba, kisha simu, na kabla sijamuuliza habari za safari nishatazama pembe ya juu ya kioo. Ikirudi imejaa, najiambia kwamba huko alipata utulivu, simu ililala kwenye chaja na yeye akalala pembeni. Ikirudi imekauka, najiuliza kutwa nzima alikuwa akizungumza na nani barabarani. Hapakuwa na kiasi cha chaji ambacho kingeniridhisha. Siku nyingine alirudi ameshiba, akala matonge mawili ya wali wangu akasukuma sahani, na simu nayo imejaa. Niliona kama wote wawili wamelishwa huko, kwangu wamekuja kupumzika tu.

Kisha, mwaka wa tano wa ndoa ile, mwenzangu akiwa na watoto wawili, ikaja chaja nyeupe.

Aliitoa mfukoni akaichomeka ukutani pale juu ya kitanda changu, akang'oa ile niliyomnunulia mimi. "Mwenzako kanipa hii," akasema. "Ile yako inachelewa." Alisema bila ubaya wowote, na hilo ndilo lililoniuma. Kesho yake nilikwenda sokoni nikatafuta chaja nyingine, muuzaji akaapa kwamba inajaza kufumba na kufumbua. Haikuwa na jina la kueleweka, wala ile nyeupe haikuwa nalo. Ile nyeupe akairudisha Ushongo, basi ile simu ikawa na chaja mbili za kushindana, kila nyumba inaikimbiza kwa upande wake. Ikiwa kwenye chaji inachemka, huwezi kuishika bila kubadilisha mkono. Naye alikuwa akiichaji ndani ya kava lake nene, huku akitazama mpira, akichoka anaisukuma chini ya mto. Mchana anaifunga juu ya tangi la pikipiki, jua la Kigombe linaipiga mpaka Pangani.

Ikizima nikiwa naye, sikujali. Mwenyewe yuko mbele yangu, simu ya nini? Mara nyingi ilikaa nyeusi juu ya cherehani yangu hadi jioni na wala sikuichomeka.

Siku iliyobadilisha mambo ni siku binti yetu alipojifungua. Ni mwanetu wa kwanza, na ile ilikuwa mimba yake ya kwanza. Uchungu ulimwanza asubuhi tukiwa tunakunywa chai. Mumewe alikuwa safarini, kwa hiyo nilimpeleka hospitali mwenyewe kwa bajaji, amenishika mkono hadi vidole vikafa ganzi. Baba yake alikuwa Ushongo. Wakati huo simu yake ilikuwa bado hewani, nikamwambia, naye akasema, "Nijulishe kila hatua. Nikisikia tu, naondoka."

Adhuhuri muuguzi akatoka akasema mtoto amekaa vibaya, huenda wakampasua, na wangependa kuzungumza na baba wa binti kama mume hayupo. Nikapiga. Haipatikani. Nikapiga tena nimesimama kwenye veranda kati ya wanawake wenye kanga na vyombo vya uji. Haipatikani. Ndani namsikia mwanangu analia, ananiita mama, na akilini mwangu namwona baba yake amejinyoosha kwenye mkeka wa mwanamke mwingine, upepo wa bahari unampiga, simu ameizima kwa kidole chake ili asisumbuliwe. Niliona mpaka rangi ya mkeka. Namba ya yule mwanamke sikuwa nayo, maana nilikataa kupewa.

Nikaridhia mwenyewe, nikaweka sahihi. Alasiri nikaletewa mjukuu wa kike, ana nywele nyingi, amekunja uso kama mtu aliyeamshwa kabla ya wakati. Binti yangu alikuwa salama. Nilimshukuru Mungu, na katikati ya shukrani hiyo hiyo nikawaza: furaha ya kwanza ya mjukuu nimeipata peke yangu, na anayestahili kuwa nami yuko kwa mwenzangu.

Mume wangu alifika kesho yake asubuhi, na vumbi mpaka kwenye kope. Aliipata habari alipoichaji simu kwa jirani mwenye jenereta. Alisimama mlangoni mwa wodi, machozi yanamlenga.

"Ilizima," akasema. "Nilikuwa na asilimia arobaini kwenye kioo. Nikapokea simu ya mvuvi mmoja, ikafa mkononi mwangu. Wallahi."

"Nipe hiyo simu."

"Unataka kuifanya nini?"

"Nipe."

Akanipa. Nilimwacha na mwanawe na mjukuu wake, nikatoka nikiwa na nia moja tu: nimwondolee kisingizio. Akishakuwa na simu isiyozima, tutaona atasema nini.

Fundi simu ninayemjua ana kibanda chake karibu na sokoni. Aliitoa simu kwenye kava, akailaza kwenye kioo cha meza, akaibonyeza kidogo pembeni. Simu ikayumba kama kigoda kwenye sakafu mbovu.

"Mama, unaona? Haikai sawa. Mgongo umeinuka."

"Maana yake nini?"

"Betri imevimba."

Akaipasha joto, akaifungua taratibu, akanionyesha. Nilitegemea kuona kitu chembamba kama kadi. Nikaona kifuko kimejaa hewa, kimetuna kama andazi. Aliniambia nisikiguse, kikitobolewa kinaweza kuwaka moto, wala simu yenye betri ya namna ile haifai kuendelea kuchajiwa, sembuse kulaliwa chini ya mto.

"Inazima yenyewe?" nikamuuliza.

"Lazima izime. Inasema arobaini, lakini hiyo arobaini haina. Ukiipa kazi kidogo inaanguka mpaka sifuri."

"Kwa hiyo haizimwi na mtu."

Akanitazama. "Mtu anaweza kuizima pia, mama. Hilo, betri haiwezi kunijibu."

Akaniuliza inachajiwa vipi. Nikamweleza ya kwangu: mto, mpira, kava, kuiacha mpaka ikauke kabisa ndipo ichomekwe.

"Na mahali pengine je?"

"Huko sijui," nikasema.

Akanipa maneno ya kumpelekea mwenye simu. Joto ndilo linaloua betri kuliko kitu kingine, kwa hiyo isikae juani, na wakati wa chaji ivuliwe kava. Isiachwe kila siku ikafika sifuri. Ikishuka karibu na ishirini iongezwe, na ikifika themanini si lazima isubiriwe ijae. Chaja iwe moja, nzuri, inayoendana na simu. Na betri mpya nayo itachoka siku moja, hakuna betri ya milele. Siku ikianza kuruka namba, au kumlazimisha mtu akae karibu na soketi kutwa, abadilishe mapema, asingoje ivimbe.

Nilimrudishia mume wangu simu ikiwa na betri mpya. Alinishukuru kweli kweli. Hakujua kwamba nimemtegea.

Zamu ya mwenzangu ilipofika nilingoja saa ile ambayo zamani ilikuwa saa ya kimya. Nikapiga. Akapokea papo hapo.

"Naam, mke wangu."

Nilikuwa nimejiandaa kwa yote isipokuwa hilo. Nyuma yake nilisikia watoto wake wa huko, wadogo wawili, wanagombania mgongo wake, mmoja anasema "Baba, zamu yangu sasa." Nikasikia kitu kinakaangwa. Nikasikia mwanamke anacheka, hacheki kwa sauti, anacheka kama mtu aliye kwake.

"Kuna jambo?" akauliza.

"Hapana. Nilitaka kujua kama umefika."

Simu ilipokuwa haipatikani, nilikuwa na uhuru wa kuwaza mabaya. Nilimwazia mwanamke wa vitimbi, nyumba ya fitina. Sasa nikapewa nyumba yenye watoto na chakula jikoni, na wivu wangu ukakosa pa kushika, ukaongezeka. Nilipiga tena magharibi. Nikapiga asubuhi. Kila mara anapokea, kila mara nasikia kipande kingine cha maisha ambayo simo. Binti yangu, aliyekuwa amelala chumba cha pili na kichanga chake, akaniambia, "Mama, unajiumiza. Iache hiyo simu." Sikuiacha.

Siku ya pili mchana nilipopiga, aliyepokea ni mwenzangu.

"Asalaam alaikum, dada. Shikamoo."

Ni mdogo kwangu kwa miaka mingi. Sauti yake nzuri. Nilitamani iwe mbaya.

"Waalaikum salaam. Marahaba. Mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko chini pwani, anapima pweza. Simu kaiacha kwenye chaji." Kisha akasema, "Dada, naomba nikuulize."

"Uliza."

"Ni kweli betri umebadilisha wewe?"

"Ni mimi."

"Mungu akulipe. Mimi nilishaamini kwamba wewe ndiye unayeizima."

Sikumwelewa. Akanieleza, bila kupaza sauti. Akiwa kwangu, alisema, mume wetu alikuwa hapatikani siku nzima. Siku moja mtoto wake mkubwa alipata homa kali mpaka akashikwa na degedege. Alipiga kutwa akiwa amembeba mgongoni kuelekea zahanati, akaambiwa namba haipatikani. "Nikasema dada kamfungia. Ana mji, ana umeme wa kila saa, simu itazimaje? Nisikufiche, nilikuchukia siku ile."

Nilikaa kwenye kiti cha cherehani. Wakati mimi namwona yeye amemficha mume wangu kwenye mkeka, yeye alikuwa akiniona mimi nimemfungia mlango. Nilijua pia simu ilikuwa wapi saa zile: nyeusi, juu ya meza hii hii.

"Mtoto alipona?"

"Alipona, alhamdulillahi. Na mjukuu wetu anaendeleaje?"

Alisema "wetu". Lilinichoma, lakini lilikuwa neno la adabu, nikalijibu kwa adabu. Kisha tukaanza kuzungumza habari za simu, maana hilo ndilo lililokuwa rahisi. Nikamwambia ya fundi. Akasema ile chaja nyeupe amekwisha kuitupa, ilianza kunuka plastiki. Nikamwambia asimruhusu kuilalia.

"Kwangu hailalii tena. Na juu ya tangi haifungi, anaitia mkobani. Nimemwambia, na ananisikia."

Mimi nilikuwa nimemwambia mambo yale yale mara nne, na kwangu bado ilikuwa chini ya mto. Ananisikia. Nilibaki na neno hilo siku nzima, nikashona shingo ya gauni vibaya ikabidi niifumue. Lakini namba yake niliiandika, naye akaandika yangu.

Arobaini ya mjukuu mwenzangu alikuja. Ndiyo mara ya kwanza kuonana ana kwa ana. Alileta nazi, samaki wa kukaanga na kanga mpya kwa ajili ya binti yangu, akaingia jikoni bila kuonyeshwa akakuna nazi pamoja na wanawake wengine. Nilimtafuta kasoro. Niliona ana pengo dogo la meno, nikafurahi, kisha akatabasamu nikaona pengo linampendeza.

Mtoto alikuwa mkorofi siku hiyo. Alizunguka mikono ya watu wote, yangu ikiwemo, hakunyamaza. Mwenzangu akafuta mikono, akamchukua, akamweka kifudifudi juu ya paja lake na kumpapasa mgongo. Akalala. Wanawake wakasema mashaallah. Mimi nikasema mashaallah pamoja nao, na moyoni nilitaka kumnyang'anya.

Alasiri yeye na mume wetu waliaga, maana ilikuwa zamu ya kwake na walitaka kuwahi pantoni. Niliwafungia pilau kwenye kontena kwa ajili ya watoto. Akanibusu mkono, akaniambia, "Dada, nikifika nitakupigia." Akapanda nyuma ya pikipiki, akajifunga mtandio vizuri, akapitisha mkono kiunoni mwa mume wetu. Niliutazama ule mkono mpaka wakakata kona. Kisha nikaingia ndani, binti yangu akauliza kama bado kuna chai, nikaenda kuipasha.