Wimbo wa Kuvunia Asali

Usiku ule, mvua ilipokwisha kunyesha juu ya vibanda vyetu, babu alikuja. Alifariki nilipokuwa msichana, hapa hapa nje ya msitu, kando ya mashamba ya watu, tulikoachwa sisi Batwa, watu wa msituni, tulipoondolewa mlimani ili msitu uwe hifadhi. Alinuka moshi na nta. Hakunisalimu. Alinishika mkono tu, nikamfuata.

Tulivuka mpaka wa hifadhi, hakuna askari aliyetuzuia. Mianzi inatupisha, ukungu unatupokea, na babu anagusa kila mti kwa kiganja akiutaja jina. Nataka kuyarudia majina yale, lakini kila moja linaniponyoka kabla sijalitamka.

Mara hatutembei tena. Tumekaa chini ya mti mkubwa wenye nyuki tunduni, na pamoja nasi yupo Mzee Rwizi, mkulima wa bondeni, rafiki wa babu, naye pia marehemu. Amepakata kikapu cha maharage, kama zamani alipokuja kubadilishana na asali yetu.

"Mjukuu wangu," Mzee Rwizi ananiuliza, "wanangu bado wanawaletea maharage?"

"Hapana, babu. Hatuna asali ya kuwapa. Siku hizi wanatuona ombaomba."

Anainamisha kichwa. Nyuki wanaanza kutoka tunduni.

"Imba watulie," babu yangu ananiambia.

Ni wimbo wa kuvunia asali. Nafungua kinywa, hakitoki kitu. Nyuki wanazidi. Wanamfunika Mzee Rwizi, wanamfunika babu uso, naye hajikingi, ananitazama tu hadi macho yanapotea. Ndipo naisikia sauti yake:

"Shangazi yako anaujua. Asije nao huku kwetu wafu."

Niliamka nimelowa jasho. Kulikuwa kumepambazuka. Nilikimbilia kibanda cha shangazi, binti wa mwisho wa babu, aliyekulia msituni na sasa haondoki kitandani kwa maradhi ya kifua. Nikamsimulia yote. Alisikiliza amefumba macho.

"Niimbie, shangazi. Hata kidogo."

Midomo yake ilicheza, ikatulia.

"Hauji, mwanangu. Ule wimbo nilikuwa nauanza nikiwasikia nyuki, nikimwona baba juu ya mti. Nikiwa hapa naona mabati na mikaratusi tu."

"Basi nikupeleke msituni."

"Utanibeba wewe? Na askari utawaambia nini?"

Aligeukia ukutani, kikohozi kikamshika, nikamsugua mgongo mpaka kikapita. Ujumbe wa babu nilikuwa nimeufikisha, na haukuwa umesaidia chochote. Nje watoto wetu walikuwa wameamka, wanarukaruka kwenye matope, wanaimba kwa nguvu zote tangazo la sabuni walilolisikia redioni.

Shangazi alivuta blanketi akaziba masikio.

"Funga mlango," akasema.