Kichwa Chenye Midomo Mitatu

Nyinyi vijana mtakaosoma hii, kaeni wima kwanza. Mimi niliacha shule darasa la tatu, na bado mjukuu wangu wa kike, anayeniita Dani, yaani bibi, alikaribia kuanguka digrii ya pili kwa sababu ya mdomo wangu.

Anasomea picha za kompyuta. Alinieleza hivi: anakupiga picha arobaini kwa simu akikuzunguka, halafu kompyuta inazishona ziwe kichwa kimoja cha kugeuza, hata kisogo ukione. Ijumaa walimu walitaka kuona kichwa. Bila kichwa, arudie mwaka.

"Kwa nini changu?"

"Dani, chako kina mikunjo mingi. Kompyuta inapata pa kushika."

Nikaketi kwenye stuli nje ya mlango wetu hapa mtaani Gatwekera. Sharti lilikuwa nisitikisike, nisiongee.

Sasa, mlango wangu uko njiani kabisa. Picha ya tano, mama wa makaa akapita. "Dani, umeamkaje?" Ningenyamaza? Hapa ukinyamazia salamu, kufika jioni wapangaji wote wa ploti wanasema una kiburi. Nikajibu. Picha ya kumi na mbili, fundi wa viatu. Nikajibu, nikamuuliza na mgongo wa mkewe. Picha ya ishirini, kuku wa jirani akapanda kwenye omena zangu, dagaa niliowaanika pembeni. Huyo sikumsalimia, nilimfokea.

Jioni msichana akafungua kompyuta, kichwa kikazunguka polepole. Kilikuwa na midomo mitatu, yote wazi, na kidevu kimeota karibu na sikio.

"Huyu ni nani?"

"Ni wewe, Dani. Ukijibu salamu."

Mume wangu alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Wamekupata! Huo wa kushoto naujua vizuri."

Lakini msichana hakucheka. Alikuwa amefunika uso kwa mikono, na siku iliyobaki ilikuwa Alhamisi peke yake. Hapo nikaona mchezo umeisha. Nikaita watu wote wa nyumba yangu, wakubwa kwa wadogo.

"Kesho nikikaa kwenye stuli, nyinyi simameni njiani, huku na huku. Yeyote anayekuja, msalimieni kabla hajanifikia. Muulizeni wagonjwa wake, mwambieni wetu hawajambo, apite. Na wewe mzee, acha kucheka. Wewe utashika kuku."